Mtama wa Yasinta Shambani kwa Calist

Siku alipozikwa Yasinta, mwanaume aliyelia ni Calist. Mwenye mke hakulia.

Kila mtu aliliona hilo. Simeoni alisimama ukingoni mwa kaburi, kofia mkononi, macho makavu. Akachota udongo, akatupia, akapisha wengine. Ilipofika zamu ya Calist, mkono ulijaa udongo lakini haukutupa. Alipiga magoti. Akalia kwa sauti, sauti ile ile ya besi anayoimbia kanisani, mpaka wakamshika makwapani wakamwondoa.

Wanawake waliokuwa wanapika msibani wakapata la kusema.

"Umemwona jirani? Amelia kuliko mwenyewe."

"Kwaya hiyo, dada. Wameimba pamoja tangu ujana wao."

"Kwaya tu?"

Wakacheka kwa puani. Simeoni alikuwa anapita na ndoo ya maji. Wakanyamaza, wakakoroga maharage kwa bidii. Aliyasikia yote. Akapitiliza na maji yake. Simeoni hana maneno mengi. Yasinta ndiye aliyekuwa anasema kwa niaba ya wote wawili.

Baada ya hapo nyumba ikawa kubwa. Anasonga ugali wa watu wawili, unabaki, asubuhi anawapa kuku. Kigoda cha mkewe kiko pale pale karibu na mafiga. Hajakikalia, hajakisogeza. Huzuni ya namna hiyo angeibeba, wengi wameibeba. Tatizo ni kwamba kila akimkumbuka Yasinta, Calist anaingia naye, bila hodi. Akikumbuka anavyocheka, anajiuliza alikuwa anacheka na nani. Akikumbuka anavyorudi kutoka mazoezi ya kwaya, kanga begani, anaimba kidogo kidogo njiani, anajiuliza wimbo ule ulikuwa wa nani. Mke amekufa, na bado hajampata peke yake.

Mashamba yao, huku Mungaa, yanapakana. Upande wa juu, miaka ya nyuma, walikuja watu wa dhahabu. Walisaga mawe kwa karasha, wakaosha kwa zebaki, dhahabu ikaisha, wakaenda zao. Waliacha lundo la mchanga wa kijivu, ule uliokwisha kuoshwa. Wenyewe wanauita marudio. Masika moja mvua ikalisomba lile lundo ikalimwaga shambani kwa Calist. Shamba la Simeoni limeinuka kidogo, likapona.

Pale kwa Calist mahindi yaliota, yakawa njano, yakafa yakiwa na urefu wa goti. Alizeti ikatoa vichwa kama vifungo vya shati. Simeoni alimpa pole mbele za watu. Moyoni, alilala vizuri.

Halafu Calist akapanda mtama, na mtama ukasimama. Kijani juu ya kijivu. Mrefu, majani mapana, masuke mekundu yameinama kwa uzito. Simeoni alikuwa anauangalia akiwa upande wake wa mpaka kama mtu anayeona shati lake limevaliwa na mwingine, na hakujua kwa nini anaona hivyo. Alijua tu kwamba hata udongo mbaya, ukimfikia Calist, unageuka kuwa bahati.

Mwaka huu, mtama ukiwa unatoa masuke, alifika binti mmoja kwa bodaboda kutoka Singida mjini. Anaitwa Ritha, mwanafunzi wa chuo kikuu, ana buti za mpira na kofia pana. Siku nzima alikuwa kwa Calist. Anakata majani, anayatia kwenye vifuko, anavizika kwenye sanduku la barafu. Simeoni alimwona. Akasubiri aje na kwake. Hakuja. Na kwa nini aje? Kila kizuri kiko kwa Calist.

Kesho yake akaja.

"Hodi babu. Shikamoo."

"Marahaba. Umepotea. Kwa Calist ni kule."

"Natoka huko huko. Yeye ndiye kanielekeza kwako."

"Anataka nini?"

Ritha alikuwa na haraka, barafu yake inayeyuka. Akaona afupishe maneno. "Nimekuja kupima vinasaba, babu. Vya kwako na vya kwa Calist. Nataka nione kama ni ukoo mmoja."

Sasa, neno vinasaba huku kwetu si geni. Tunalisikia redioni, na redioni lina kazi moja. Mwanaume amekataa mtoto, au amehisi mtoto si wake, basi wanaenda kupimwa vinasaba. Hakuna anayepima kwa sababu nyingine. Na Simeoni na Yasinta walijaliwa mtoto mmoja, Amosi, yuko Singida mjini anaendesha bodaboda. Amosi anaimba. Anaimba besi. Simeoni haimbi, baba yake hakuimba, babu yake alikuwa anafukuza ndege kwa kupiga mluzi tu, na ndege hawakwenda.

Fimbo ilikuwa karibu.

"Nani kakutuma?"

"Chuo, babu."

"Chuo na mke wangu wapi na wapi?"

Ritha akashangaa. "Mzee Calist amesema mama ndiye chanzo cha yote, kwa hiyo—"

"Amesema!" Simeoni akainuka. "Kumbe amekiri!"

"Amekiri nini, babu?"

"Mke wangu hajamaliza mwaka kaburini mnamletea vipimo! Mnataka nini? Mate? Nywele? Amosi ni wangu! Alipougua nilimbeba mgongoni mimi mpaka zahanati. Calist alikuwa wapi? Alikuwa anaimba!"

"Babu, Amosi ni nani?"

"Toka kwangu!"

Ritha alirudi nyuma, akakanyaga kuku, kuku akapiga kelele. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri kivulini alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. "Mzee! Mzee, tulia! Dada anapima mtama! Hapimi watu, anapima mtama!"

Simeoni akasimama, fimbo juu.

"Mtama?"

"Mtama, babu," Ritha akasema. "Majani ya mtama."

"Mtama una vinasaba?"

"Kila kinachozaliwa kinavyo."

Fimbo ikashuka. Lakini hakuiweka chini. "Ungesema mtama tangu mlangoni," akasema.

Walipotulia Ritha alitafuta pa kukaa, akakisogelea kigoda. "Hapo hapana," Simeoni akamwambia. Akampa ndoo, binti akaigeuza, akakaa.

Binti aliongea vizuri, tuseme haki. Alisema ule mchanga wa kijivu una madini mazito. Zebaki, na mengine yaliyotoka ndani ya mawe yenyewe. Mmea unayanywa pamoja na maji, maana haujui kuchagua. Yakiingia ndani yanaiharibu ile hewa ya oksijeni iliyomo kwenye jani, inakuwa kali. Inakula jani kutoka ndani kama kutu inavyokula jembe. Ndiyo ile njano iliyoua mahindi ya Calist.

"Sasa huu mtama wake hauliwi na kutu?"

"Unaliwa, babu. Lakini unapigana. Ndani ya kila mmea kuna maagizo uliyorithi kwa mama yake, sisi tunaita jeni. Mengi yamelala tu. Sumu ikiingia, baadhi yanaamka. Moja linasema: tengeneza cha kuzima ule ukali. Lingine linasema: tengeneza kamba, yafunge hayo madini. Lingine: yatie chumba cha nyuma, ufunge mlango, yasifike kwenye punje. Mahindi pia yanajaribu, ila yanachelewa. Huu wa mzee Calist unawahi."

"Anaula?"

"Nimemkataza kwanza. Mengi yamekamatwa mizizini, lakini mengi si yote. Mpaka tupime punje."

Simeoni aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameanza kumpenda huyu binti. Amosi alikuwa wake, kutu ilikuwa ya Calist, siku ilikuwa inaelekea kuwa nzuri.

"Na mimi nahusikaje?" akauliza.

"Si ndiyo nilikuwa nakueleza. Mzee Calist anasema mbegu ile ilitoka hapa. Ilitoka kwa mama."

Simeoni akainua macho juu ya mafiga.

Inabidi ieleweke mbegu huku inakaaje. Ya kawaida inakaa ghalani, na jirani akiomba anapewa. Iliyo bora haikai ghalani. Mwanamke anachagua masuke makubwa, anayafunga fungu, anayaning'iniza kwenye uchaga jikoni, juu ya mafiga. Yanapigwa moshi mwaka mzima, mdudu hayagusi. Mbegu hiyo ni ya mwanamke. Alikuja nayo kutoka kwa mama yake siku ya kuolewa, atamkabidhi binti yake au mke wa mwanawe. Mume haishushi, haiulizi. Yasinta hakuwahi kuitia mkononi mwa Simeoni. Alikwenda nayo shambani mwenyewe, akaipanda mwenyewe, mume anachimba mashimo tu mbele yake.

Na Calist anayo.

"Ya ghalani," Simeoni akasema. "Alimpa ya ghalani."

"Amesema ya moshini, babu. Na ndiyo nilikuwa nakuja kuomba. Suke moja tu. Nilipande kwenye marudio kando ya mtama wake, nione kama ule ujasiri umezaliwa nao au umefundishwa na sumu. Majani nitachukua shambani kwako, lakini ya shambani yanaweza kuwa yamechanganyika na ya majirani. Ile ya moshini ndiyo safi."

"Majani chukua. Hata shamba zima."

"Na suke?"

"Hapana."

Ritha aliangalia ile fimbo, hakuuliza mara ya pili. Akakata majani yake, akaaga kwa adabu, pikipiki ikaondoka.

Simeoni alibaki jikoni, anaangalia juu. Mafungu yalikuwa pale, meusi kwa masizi, yamefungwa kwa vipande vya kanga. Mtoto alikuwa wake, hilo limekwisha. Lakini mtoto anakuja hata bila mtu kupenda. Mbegu ya mafiga mwanamke anampa aliyemchagua. Alikaa na hilo mpaka kahawa ikachemka ikamwagikia moto. Akachukua kofia, akaenda kwa Calist.

Mke wa Calist, Editha, alikuwa uani anapepeta. Ni mama mnene, mcheshi, kicheko chake kinasikika mpaka barabarani.

"Aa, shemeji! Leo jua limetokea wapi? Tangu msiba hujakanyaga hapa."

"Mumeo yupo?"

"Nipo," Calist akasema, anatoka zizini, mikono ina samadi. "Karibu."

"Sikai. Mbegu ya mke wangu. Nani alimpa nani?"

Calist akamwangalia mkewe. Editha akauweka ungo chini.

"Kumbe hilo? Alinipa mimi," akasema. "Mikono hii. Yule mwaka mchanga ulipotuharibia tulikuwa tunahama, twende Mitundu kwa ndugu zake huyu. Yasinta akanikuta nafunga masufuria. Akaniambia, acha kufunga. Akaenda, akarudi na fungu ndani ya kanga. Akasema kwao shamba lilikuwa la magadi, mama yake alipanda hii na ilikubali. Nijaribu."

"Mbona hakuniambia?"

"Kwani mbegu ya mafiga mnaambiwaga?" Editha akacheka. "Ulitaka aitishe mkutano? Mwenyekiti awe wewe?"

"Nilikuwa mumewe."

"Ulikuwa mumewe, ndiyo. Na mimi nilikuwa rafiki yake. Kuna siku ulilijua hilo?"

Hapo ilimpasa aage. Mbegu ilitoka mkono wa mwanamke ikaingia mkono wa mwanamke, kama inavyotakiwa. Alikuja na shtaka moja na limejibiwa. Lakini Simeoni hakutoka. Alisimama, anazungusha kofia.

"Na kule kulia?" akasema.

"Kulia kupi?"

"Kaburini. Nako alilia Editha?"

Editha akaacha kucheka. Calist alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Nilikuwa nakusubiri wewe," akasema.

"Mimi?"

"Wewe si ndiye mwenyewe? Nikasema, akilia yeye, nasi tutalia nyuma yake. Ukachota udongo, ukatupa, ukapisha. Nikaona mama wa watu anafunikwa na hakuna mwanaume aliyemlilia. Mtu aliyenizuia nisihame kwetu. Nikashindwa, Simeoni. Haikuwa mpango. Kama nilikula zamu yako, nisamehe."

"Uliila," Simeoni akasema.

Akavaa kofia, akaondoka. Editha alimwita arudi ale. Hakugeuka. Njia nzima alikuwa anatafuta pa kumshika Calist, na hapakuwa na pa kumshika. Afadhali mtu angekuwa mwizi. Mwizi unajua unamdai nini.

Mavuno yalipokwisha Ritha alirudi. Safari hii alisalimia, akasema neno mtama kabla ya kitu kingine chochote, akaenda kukaa kwenye ndoo bila kuonyeshwa.

"Majibu yametoka, babu. Mtama wako na wa mzee Calist ni mama mmoja."

"Hilo nalijua. Lete lingine."

"Lingine ni hili. Jeni zile za kupigana na sumu zimo kwa wote. Kwa mzee Calist zimeamka, zinafanya kazi usiku na mchana. Kwako zimo zote, haijapungua hata moja. Ila zimelala."

Simeoni akakunja uso. "Kwa hiyo wa kwake ni bora."

"Si bora. Ni ule ule. Wa kwake umeonja sumu, wa kwako haujaonja."

"Na mimi sijaonja?"

"Nazungumzia mtama, babu."

"Najua unazungumzia nini."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa, akatoka. Simeoni aliangalia kile kigoda. Calist ana shamba lililoharibika na mtama unaolijua la kufanya. Yeye ana shamba zima na mtama uliolala. Hata mbegu ya mkewe imeamka kwa mwingine. Wivu huu ulikuwa wa kijinga, na alijua ni wa kijinga, na ulimuuma vile vile.

"Huu wa kwangu," akasema, "ukiwekwa pale kwenye mchanga wake. Utaamka?"

"Nadhani utaamka. Lakini kudhani si kujua. Ndiyo maana niliomba suke."

"Nitapanda mwenyewe."

"Sawa kabisa, babu."

"Calist asiiguse. Asije na jembe. Asimame mpakani kwake."

"Mpaka ni wake wote, babu. Ni shamba lake."

"Basi asimame mbali kwenye shamba lake."

Mvua za kwanza ziliponyesha, Simeoni aliingia jikoni asubuhi, akapanda juu ya gogo, akanyoosha mkono kwenye uchaga. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake. Fungu lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Lilifungwa kwa kipande cha kanga ya bluu, ile aliyoivaa Yasinta siku Amosi alipopata kipaimara, na fundo lilikuwa lake, la kupitisha ncha mara mbili. Hakulifungua. Alilibeba hivyo hivyo.

Calist alikuwa shambani, mikono mitupu, mbali, kama ilivyoamriwa. Ritha alikuwa amenyoosha kamba juu ya mchanga wa kijivu. Simeoni alichimba mashimo mstari mzima, polepole, kama zamani. Alipofika mwisho aligeuka nyuma, na hapo ndipo ilipomjia kwamba hakuna anayefuata na mbegu.

Akarudi mwanzo. Akapiga goti. Fundo likamsumbua, vidole vyake si vya kazi ile, akalifungua kwa meno. Akalisugua suke kati ya viganja, punje zikadondoka, moshi ukatoka. Moshi wa jikoni kwake. Harufu ile iliyokuwa kwenye nywele za Yasinta, kwenye kanga yake, kwenye mto wa kitanda mpaka ulipofuliwa na wanawake wa msiba, nao hawakumuuliza.

Alitia punje kwenye shimo la kwanza, akafukia. La pili, akafukia. La tatu mkono ulikwenda na haukurudi. Akakaa kwenye marudio, miguu mbele kama mtoto, suke limelala mapajani.

"Babu?" Ritha akasema.

Mabega yalianza kutikisika. Sauti ilichelewa, kisha ikatoka, mbaya, imekwaruza, sauti ya mtu asiyejua kuimba.

Kule mbali Calist aliisikia. Kifua kikamjaa, mdomo ukaanza kumcheza, na besi yake ikapanda kutoka chini, taratibu, kuja kusaidia.

"Calist!" Simeoni akaita, uso umelowa.

"Naam!"

"Nyamaza. Hii ni zamu yangu."

Calist akavua kofia, akajiziba nayo mdomo, akageuka akawapa mgongo. Simeoni akaendelea kulia, peke yake, mpaka alipomaliza. Kisha akafuta mkono, akaokota suke, akaenda shimo la tatu.